Rangi Chini ya Boneti: Hoja Kutoka Ufuo wa Eliye

Katika majarida ya vyama vya Kiswahili vyuoni tumezoea kusoma makala kuhusu ushairi wa arudhi na ushairi huru, usawiri wa wahusika wa kike, usanifishaji wa lugha na hatima ya lahaja. Mijadala hiyo ina nafasi yake na hainuiwi kubezwa hapa. Hata hivyo, lugha haiishi darasani peke yake. Huishi pia sokoni, shambani na gerejini, na huko ndiko inakopimwa kama inatosha au haitoshi. Makala haya yanaingia gerejini, tena katika gereji za Turkana, na kulishika jambo moja ambalo kwa macho ya haraka ni dogo: namna ya kuchagua praima na rangi ya kupaka chumba cha injini cha gari la kale.

Ninatetea hoja mbili. Ya kwanza ni ya ufundi: kwa gari la kale linalofanya kazi kati ya Lodwar, Kakuma na ufuo wa Eliye Springs, uteuzi ulio bora ni praima ya epoksi, kisha rangi ya epoksi juu yake, vyote vikipakwa kwa brashi. Hoja ya pili ni ya lugha: uteuzi huo hauwezi kufanywa vizuri, wala kwa usalama, maadamu maelezo yake yamefungiwa ndani ya Kiingereza cha kopo. Hoja hizi zinategemeana. Atakayesoma ya pili akaiacha ya kwanza atakuwa amechukua ganda na kuacha kiini.

Mazingira yenyewe

Eliye Springs iko kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini Lodwar. Jina lake limetokana na chemchemi za maji baridi zinazochimbuka mchangani karibu na ziwa, chini ya mikoma. Hapo ndipo penye ajabu inayotuhusu. Maji ya chemchemi hunyweka. Maji ya ziwa, hatua chache tu kutoka hapo, ni ya magadi. Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Mto Omo huleta sehemu kubwa ya maji kutoka Ethiopia, na maji hayo hayana njia ya kuondoka ila kwa kupanda hewani chini ya jua kali. Maji yanapanda, chumvi na magadi vinabaki. Ndiyo sababu kipimo cha pH cha ziwa hilo ni takriban 9, ilhali maji yasiyo na asidi wala magadi huwa na 7.

Ongeza juu ya hayo joto la Lodwar, ambako nyuzi 35 za Selsiasi mchana ni jambo la kawaida, na upepo ubebao mchanga. Upepo wa eneo la ziwa hili hauhitaji kusimuliwa na mshairi: mitambo 365 ya kuzalisha umeme iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019 upande wa kusini-mashariki mwa ziwa ni ushahidi tosha. Gari linalofika Eliye kuchukua samaki, kuvuta mashua au kubeba watalii hukanyaga mchanga wenye unyevu wa magadi, hurushiwa matone ya ziwa na upepo, kisha hurudi Lodwar likiwa na injini ya moto inayokausha matone hayo na kuacha unga mweupe katika kila kona. Aliyelizoea bonde la Ufa pale Naivasha au Nakuru anaweza kudhani kwamba kutu ni ugonjwa wa mvua tu. Turkana inapata mvua haba sana, lakini chuma chake huliwa pia.

Magari ya kale ya eneo hili, kwa sehemu kubwa, hayakuletwa kuwa mapambo. Land Rover, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1948 na ambayo kwa miaka mingi iliunganishwa mjini Thika, ndiyo iliyowafikisha maafisa wa serikali, wamishonari na watafiti wa masalia ya kale katika sehemu zisizo na barabara. Peugeot 504 nayo ilishinda mbio za Safari mwaka 1975 na tena 1978, na umbo lake la pikapu lilibeba abiria na mizigo katika kila pembe ya Kenya. Leo magari hayo yana watu wa aina mbili wanaoyatunza: mkusanyaji wa Nairobi anayelipeleka lake mashindanoni, na mwenye gari wa Lodwar ambaye hana jingine. Maoni yangu yanamhusu zaidi huyu wa pili, kwa sababu yeye akikosea kuchagua rangi hapotezi alama za waamuzi. Hupoteza riziki.

Kinacholiwa chini ya boneti

Kuna imani iliyoenea kwamba Land Rover haishiki kutu kwa kuwa ni ya alumini. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa adimu Uingereza, na waundaji wakatumia aloi ya alumini kwa mabamba ya nje. Lakini chesisi ni ya chuma, na ukuta unaotenga injini na chumba cha dereva ni wa chuma pia. Ukuta huo ndio unaobeba usukani, pedali na bawaba za milango. Ukiliwa, gari zima limeliwa. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakifikiria Land Rover, lakini hakuna fundi wa bodi ambaye hatakiri kwamba kuujenga upya ukuta huo ni kazi ya wiki nyingi, ilhali kuupaka ni kazi ya siku chache.

Alumini nayo haiko salama. Ni kweli kwamba hewani hujivika utando mwembamba unaoilinda. Utando huo huvumilia maji ya kawaida, lakini huyeyushwa na magadi. Zaidi ya hayo, pale ambapo bamba la alumini limefungwa kwa bolti kwenye chuma, na maji yenye chumvi yakaingia kati yao, metali hizo mbili hugeuka kuwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayotafunwa. Kwa hiyo kazi ya praima katika gari kama hili ni mbili: kuzuia maji na hewa visiguse metali, na kuzitenga metali mbili zisigusane. Yeyote anayechagua praima kwa kutazama rangi yake au bei yake bila kuuliza kama inaweza kazi hizo mbili, amechagua gizani.

Praima nne na tabia zake

Praima iliyozoeleka kuliko zote katika maduka yetu ni ile nyekundu ya redi oksaidi. Ni ya bei nafuu, haihitaji kuchanganywa na kitu kingine ila thina, na kila fundi anaijua. Kasoro yake haionekani mara moja. Rangi yake nyekundu inatokana na oksaidi ya chuma, ambayo kwa yenyewe haizuii kutu. Kinachozuia ni gundi iliyomo, na gundi hiyo mara nyingi ni alkidi, yaani aina ya resini inayotokana na mafuta ya mimea. Hapa ndipo magadi yanapoingia. Kila aliyewahi kuona sabuni ikitengenezwa anajua kwamba mafuta yakikutana na magadi makali hugeuka sabuni. Jambo hilo hilo huipata alkidi: magadi huivunjavunja polepole, rangi ikalainika na kubanduka kutoka chini. Mwenye gari hulaumu fundi, fundi hulaumu duka, kumbe wa kulaumiwa ni uteuzi.

Ya pili ni praima yenye asidi, ambayo hushika vizuri alumini na chuma kisicho na rangi kwa kuing'ata metali. Ni nyembamba mno, hupitisha maji, na lazima ifunikwe mapema. Tena, kwa kuwa ina asidi, haipaswi kufunikwa kwa epoksi isipokuwa mtengenezaji ameruhusu waziwazi, kwani asidi inaweza kuizuia epoksi isikomae. Nimeona ni muhimu kulitaja hili kwa sababu mantiki ya kawaida ya fundi husema kwamba praima mbili ni bora kuliko moja. Si lazima iwe hivyo.

Ya tatu ni praima yenye unga mwingi wa zinki. Zinki hujitoa mhanga: huliwa yenyewe kabla ya chuma. Inafaa kwa chesisi na kwa sehemu zilizochomelewa. Hata hivyo, lazima iguse chuma kitupu ili ifanye kazi, haina maana juu ya alumini, na ikipakwa rangi ya alkidi juu yake yatarudi yale yale ya sabuni.

Ya nne ni epoksi. Huja katika makopo mawili: moja la rangi, jingine la hadina. Zikichanganywa kwa kipimo, hushikana ndani kwa ndani na kuwa kitu kimoja kigumu kisichorudi tena kuwa maji. Hushika chuma na alumini vilevile, hairuhusu maji kupita kwa urahisi, na huvumilia magadi, mafuta ya injini na petroli kuliko zile nyingine. Gharama yake ni kubwa zaidi, na hiyo ndiyo pingamizi inayosikika mara nyingi. Lakini chumba cha injini si bodi nzima. Eneo lake ni dogo, na tofauti ya bei ya kopo moja haiwezi kulinganishwa na bei ya kukata na kuchomelea ukuta.

Rangi ya juu

Adui mkubwa wa epoksi ni jua. Ikiachwa juani hupauka na kutoa unga kama chaki, na ndiyo sababu hakuna fundi makini anayeipaka mlangoni au paani ikiwa ndiyo rangi ya mwisho. Sasa tujiulize: chini ya boneti jua linaingia lini? Mahali ambapo kasoro ya epoksi haina nafasi ya kujitokeza ndipo hapo hapo ambapo sifa zake zote zinahitajika. Kwa sababu hiyo naona hakuna haja ya kuifunika praima ya epoksi kwa rangi ya aina nyingine. Ipakwe rangi ya epoksi yenye mng'aro wa wastani, mikono miwili, na kazi iishie hapo.

Wapo watakaouliza kuhusu joto. Mabamba na ukuta wa chumba cha injini hupata joto ambalo epoksi nzuri hulivumilia. Sehemu isiyovumilika ni bomba la moshi na mdomo wake kwenye injini. Hapo rangi ya kawaida ya aina yoyote itaungua, na panahitaji rangi maalumu ya joto kali, yenye silikoni, ambayo huivishwa kwa kuwashwa injini kidogo kidogo kama kopo linavyoelekeza. Kulipaka bomba hilo rangi ile ile ya ukuta kwa ajili ya urembo ni kuunguza pesa kwa maana halisi ya neno.

Kuhusu rangi yenyewe, yaani wekundu au weupe wake, mafundi wengi hupenda nyeusi kwa kuwa huficha uchafu. Mimi naipinga kwa sababu hiyo hiyo. Kijivu hafifu, au rangi ya bodi ikiwa ni nyepesi, huonyesha tone la mafuta siku ya kwanza linapovuja na huonyesha unga wa magadi kabla haujala. Kijana anayetengeneza gari usiku kwa kurunzi njiani kwenda Kakuma atakushukuru pia. Pia kuna sehemu zisizopakwa kabisa: pale waya wa betri unaposhikana na bodi, na pale ilipochongwa nambari ya injini na ya chesisi. Nambari iliyozikwa chini ya rangi itakusumbua siku ya kuilinganisha na kitabu cha usajili.

Rangi yoyote, hata iliyo bora kiasi gani, haitashika juu ya grisi na chumvi. Grisi hutolewa kwanza, kabla ya msasa, la sivyo msasa utaisugulia ndani ya mikwaruzo. Kisha chumvi huoshwa kwa maji baridi yasiyo na magadi, kwa sababu chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta maji kupitia rangi yenyewe na kuzua malengelenge. Hapa Eliye ina ugonjwa na dawa mahali pamoja. Anayeosha injini kwa maji ya ziwa anaipaka chumvi upya. Anayeiosha kwa maji ya chemchemi anaiondoa. Lakini maji hayo ni ya kunywa watu na mifugo kwanza. Yachotwe kwa ndoo, gari lioshwe mbali, na grisi isikaribie chemchemi. Hakuna gari la kale lenye thamani ya kisima.

Pingamizi la wapenda asili

Wapo wapenzi wa magari ya kale wanaoshikilia kwamba gari la mwaka 1965 lipakwe rangi ya selulosi kama lilivyopakwa kiwandani, na kwamba kutumia epoksi ni kughushi historia. Hoja hii ina uzito wake, na kwa gari la makumbusho au la mashindano ninaikubali. Historia nayo inastahili kuhifadhiwa. Hata hivyo, selulosi hulainishwa na petroli inayovuja kutoka kwenye kabureta, na hubanduliwa na mafuta ya breki. Gari linalolazimika kufika Kakuma na kurudi haliwezi kutunzwa kwa kanuni za gari linalofunikwa shuka. Kuna njia ya kati: tumia rangi ile ile ya asili kwa macho, lakini kwa kemia inayofaa mahali. Kinachohifadhiwa hapo ni gari lenyewe, na gari likibaki hai historia yake itasimuliwa.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine. Fundi wa kisasa atasema: kwa nini brashi? Tupige kwa kompresa rangi ya makopo mawili ya poliurethani, ing'ae kama kioo. Hili silikubali, na sababu yake si urembo. Hadina ya rangi nyingi za aina hiyo ina kemikali ziitwazo isosianeti. Zikirushwa hewani na kuvutwa mapafuni huweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na akishapata mzio huo, hata kiasi kidogo humrudishia ugonjwa. Kinga yake ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Katika vibanda vingi vya kando ya barabara kinga hiyo haipo. Brashi na epoksi havirushi ukungu huo. Epoksi nayo ina madhara yake, hasa kwa ngozi, na hushikwa kwa glavu mahali penye hewa ya kutosha. Ila hatari ambayo glavu na hewa vinaipunguza ni tofauti na hatari ambayo maskini hana namna ya kujikinga nayo.

Lugha ya kopo

Sasa tufike kwenye hoja ya pili. Yote niliyoyaeleza hapo juu, kipimo cha kuchanganya, muda wa kusubiri, praima isiyofunikwa kwa nyingine, mapafu na ngozi, yameandikwa kwenye kopo. Yameandikwa kwa herufi ndogo na mara nyingi kwa Kiingereza peke yake. Nani anayelifungua kopo hilo? Huko Lodwar ni kijana aliyejifunza kazi kwa kumwangalia mwenziwe. Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, anaweza kuwa Mkongomani au Mrundi anayeshirikiana na Msomali, Msudani Kusini na Mturkana. Miongoni mwa watu wa asili mbalimbali hivyo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha, kila mmoja akikisema kwa lafudhi yake. Mkongomani huja na maneno ya ufundi yenye asili ya Kifaransa, Mkenya huja na yenye asili ya Kiingereza, na wanaelewana. Asiyewaelewa wote wawili ni kopo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika nayo, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Tukivisoma vifungu hivyo viwili pamoja, swali linajileta lenyewe: habari iliyo katika lugha asiyoielewa mtumiaji, je, ni habari? Mimi nasema si habari. Ni mapambo ya kopo.

Kazi ya kutafsiri lebo si rahisi kama inavyodhaniwa, na hapa ndipo wanafunzi wa isimu wanapohitajika. Chukua neno kukauka. Katika Kiswahili cha gerejini neno hilo hubeba mambo mawili tofauti. La kwanza ni thina kuruka, rangi isinate kidoleni. La pili ni rangi kushikana ndani hadi kuwa ngumu kabisa. La kwanza huchukua dakika au saa. La pili huchukua siku. Fundi akiambiwa imekauka, hufunga betri na kumwaga mafuta ya breki juu ya rangi ambayo ndani bado ni mbichi. Napendekeza tuliache kukauka kwa maana ya kwanza na tutumie kuiva kwa maana ya pili. Ndizi inaweza kuwa kavu kwa nje na isiwe imeiva, na hakuna msemaji wa Kiswahili asiyelielewa hilo.

Chukua pia hadina. Yupo atakayetaka kuunda istilahi ya kizalendo na kuiita kikaushi. Neno hilo lingependeza katika orodha, lakini lingemdanganya mtumiaji. Kijana akidhani kazi yake ni kukausha, atazidisha kipimo ili rangi ikauke upesi, ilhali hadina iliyozidi huharibu rangi sawa na iliyopungua. Joto la Turkana nalo hufupisha maisha ya mchanganyiko. Kanuni ya wanakemia ni kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya mabadiliko ya namna hii hukaribia kuwa maradufu. Kopo lililoandikiwa saa nne kwa nyuzi 20 halitangoja saa nne Lodwar. Istilahi isiyoeleweka hupoteza muda tu. Istilahi inayoeleweka vibaya hupoteza kopo zima.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Neno barakoa lilienea nchini mwaka 2020 wakati wa janga la korona, na kila mtu akajua maana yake: kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Sasa tukitafsiri onyo la rangi ya isosianeti kwa kusema tu vaa barakoa, tutakuwa tumemwambia kijana avae kitambaa ambacho hakizuii kitu. Tafsiri itakuwa sahihi kwa mujibu wa kamusi na ya hatari kwa mujibu wa mapafu. Lazima tutenganishe barakoa ya kitambaa, barakoa ya chujio na kofia ya hewa. Hapo ndipo semantiki inapotoka kwenye ubao na kuingia kifuani mwa mtu.

Kuhusu praima yenyewe, sioni sababu ya kuifukuza. Kiswahili hakijawahi kuogopa wageni wanaokuja na kazi. Rangi ni neno lenye asili ya Kiajemi, gari lilitoka Bara Hindi, na injini ilikuja na Waingereza. Wakati huo huo lugha yetu ilikuwa na vyake: msasa ni jina la mti wenye majani makavu yakwaruzayo, ambayo mafundi seremala waliyatumia kulainisha mbao kabla karatasi ya dukani haijafika. Somo la maneno hayo ni moja. Fundi ndiye aliyeyachagua, na mwanaisimu akayakuta yakifanya kazi. TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 ilituonyesha kwamba sayansi inasemeka kwa Kiswahili. Kilichobaki ni kuishusha sayansi hiyo kutoka rafu ya maktaba hadi benchi la fundi, na kulipandisha neno la fundi hadi maktaba.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza: chama cha wanafunzi kinaweza nini mbele ya viwanda vya rangi? Kinaweza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Wanachama wanaotoka Turkana, na wenzao wa kaunti nyingine, watumie likizo moja kuandika maneno wanayoyasikia gerejini pamoja na maana zake kamili, kabla ya kuyahukumu kuwa ni sanifu au si sanifu. Wahadhiri wa tafsiri watoe lebo ya kopo la rangi kuwa zoezi la darasani badala ya kurudia hotuba zile zile za viongozi, na wamwalike fundi mmoja kuikosoa tafsiri. Na chama kichapishe karatasi moja tu, upande mmoja, yenye maonyo makuu ya rangi za makopo mawili kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe ukutani katika vyuo vya ufundi na katika vibanda vya Lodwar na Kakuma.

Kwa mwenye gari ushauri wangu ni ule wa mwanzo: ondoa grisi, osha chumvi kwa maji baridi, kwaruza hadi kwenye metali safi, paka epoksi kwa brashi asubuhi kabla joto halijapanda na katika saa ambayo upepo umetulia, kisha subiri iive. Kutu haina haraka. Bandu bandu huisha gogo, na ukuta wa gari huisha vivyo hivyo, chembe kwa chembe, mwenyewe akiwa usingizini.

Kwa msomi wa Kiswahili ushauri ni mfupi zaidi. Siku utakapopita mbele ya gereji na kumwona kijana amelishika kopo mkononi akiligeuza geuza bila kulisoma, usimpite. Msomee, kisha umuulize yeye analiitaje.